Muhindo Hawezi Kuwa wa Kwanza

Siku ya kwanza ya juma ile niliamuka nikakuta message mia mbili na kumi na saba ndani ya simu, na zote zilikuwa za kunicheka. Mimi hasira yangu iko karibu, haingojake kufunguliwa mulango. Nikatupa simu juu ya kitanda, nikaenda kuwasha moto ya makala nipike chai, kisha nikarudia mbio kuiokota. Nani anawezaka kuacha kusoma matusi yake mwenyewe?

Naitwa Agar. Niko mwandikaji, hapa Butembo, quartier Furu. Kila siku ya tano ya juma, saa kumi na mbili ya magaribi, natuma épisode moya ya hadithi yangu ndani ya groupe ya WhatsApp. Tuko batu mia ine na kumi: ba Butembo, ba Beni, ba Lubero, mupaka ba Kipese, kule fasi mutu anapanda kilima juu apate réseau. Chini ya épisode naongeza kitabu ya juma: roman yenye nimemaliza, na sababu ya kuisoma, ao sababu ya kuiacha, juu mimi sijuake kupaka mutu mafuta. Na vile kitabu ni chache huku kwetu, ile yenye nasifu naituma kweli na pikipiki, na kila musomaji anaandika jina na fasi yake ku ukurasa wa mwisho mbele ya kuipitisha kwa mwingine. Zingine zinarudiaka bila ganda. Zingine hazirudiake kabisa, na tunajuana.

Hadithi ya mwaka huu ilikuwa ya Muhindo, kijana wa Beni mwenye alitoroka kwao, akaenda kuchimba zahabu kule Manguredjipa. Ndani ya épisode ya kumi na kenda niliandika hivi: «Muhindo, mutoto wa kwanza wa mama yake, na nyuma yake wanaume wengine batatu.»

Ile sentensi njo ilileta vita. Kwetu Banande jina inafuata kuzaliwa. Mwanaume wa kwanza ni Paluku, mwenye anamufuata ni Kambale. Muhindo ni mwanaume mwenye alizaliwa nyuma ya basichana: tumbo imegeuka, na jina inageuka pamoja nayo. Muhindo wa kwanza haiko. Mutoto wa miaka saba anajua vile. Mimi, Munande baba na mama, miaka makumi ine na moya juu ya kichwa, niliandika vile na nikatuma.

Providence, mwenye anauzishaka vitenge ku soko, alituma audio ya dakika ine. «Madame Agar, shiye tunakupenda, mais Kinande yako ulisomea wapi? Muhindo wa kwanza! Kesho utatuambia jogoo imetaga!» Na nyuma yake Bénite, mudogo yangu wa tumbo moya, mwenye ananisaidiaka kuongoza groupe, akaweka vichwa sita vya kulia na kicheko. Sita! Bugali yangu anakula, na sita anaweka.

Nikaandika: «Nitarekebisha siku ya tano. Mutulie.» Nilifikiri mambo imeishia pale.

Siku ya tatu, nyuma ya mvua, mama moya akabisha hodi. Alikuwa mutu wa miaka karibu makumi sita, viatu vyake vimejaa udongo ya barabara ya Beni, simu ameifunga ndani ya kitambaa.

— Wewe njo Madame Agar?

— Njo mimi, mama. Kama ni juu ya Muhindo, nimeshaomba musamaha. Nitarekebisha siku ya tano.

— Njo sababu nimekuya. Hapana rekebisha.

Nikafikiri ni musomaji mwenye kichwa inapiga. Niko nabo batatu, na nabapenda. Nikamukalisha, nikamupa chai. Alishika kikombe na mikono mbili, hakukunywa.

— Naitwa Berthe Vagheni. Jirani ananisomeaka hadithi yako. Kule Beni bananiita Mama Muhindo. Madame, haukukosea. Kuko Muhindo moya mwenye batu boote banajua kama ni mutoto wa kwanza, na bandugu yake batatu ni wanaume. Nilimuzala mimi. Sasa niambie mutoto yangu iko wapi.

— Mama, ile ni hadithi. Natunga.

— Unatunga. Ulitunga kama analalaka muguu moya juu ya ukuta?

— Ndiyo...

— Ulitunga kama anaanzaka bugali katikati ya sahani, anaacha pembeni ya mwisho?

Ile ya bugali, nilikumbuka, haikutoka ndani ya kichwa yangu.

Niseme vile nafanyaka kazi, hata kama ni haya. Mimi sitoake hadithi hewani. Basomaji bananiandikia maisha yao, na miye nachukua, nakata, nashona. Ile ya Muhindo ilitoka kwa musomaji moya tu. Mwaka uliopita nilisifu roman moya ya kifaransa yenye imepoteza ganda, ya mwanaume mwenye anafanya miaka makumi mbili bila kurudia kwao. Mutu moya akaniandikia: «Mimi Onésime, wa Manguredjipa. Nitumie ile kitabu.» Nikaituma. Kitabu haikurudia, mais message zikaanza kukuya, kila siku ya Mungu, ile ya kanisa, juu siku ile njo alikuwa anapanda fasi ya réseau. Audio hapana, maandishi tu. Alisema: kuko rafiki yangu, jina yake Muhindo, andika habari yake. Na miye nikaandika. Ba-Muhindo bako wengi, ukiita moya ku soko ya Beni, vichwa kumi vinageuka. Nilifikiri nini? Sikufikiri kitu.

Nikamuambia Mama Berthe ile yote. Kisha nikakumbuka kitu kingine.

— Mama, kulikuwa sentensi ingine. Niliikata, juu épisode ilikuwa ndefu. Onésime aliandika: Muhindo mwenyewe hakujua sababu gani anaitwa vile. Siku ya harusi ya shangazi yake aliuliza mbele ya bageni: «Nani alinitangulia?» Baba yake akamupiga kofi.

Mama Berthe akafunika kinywa. Kikombe ikaanguka, chai ikamwangika juu ya kitenge yake, hakuangalia.

— Ni kweli, akasema. Mimi nilikuwa pale, nimeshika sahani ya nyama. Asubuyi yake mutoto hakukuwa ndani ya nyumba. Ni miaka tatu.

Akanieleza yote, na sauti ya chini kama mutu anaiba. Mbele ya Muhindo alizala basichana babili, kule Kipese. Surua ikabakamata juma moya: mukubwa wa miaka ine, mudogo wa miaka mbili. Balizikwa nyuma ya shamba ya viazi. Muhindo alikuwa bado ndani ya tumbo. Alipozaliwa, mukwe yake, mama ya bwana yake, akasema: jina tutamupa ile yenye inamufaa, hatudanganye mizimu, lakini asisikie kabisa habari ya bale babili. Ukimutajia mwenye iko hai majina ya bale lifu imebeba, bale bamekufa, lifu itakumbuka mulango. Bakahama Beni, bakazala wanaume wengine batatu, na mambo ikafungwa. Bwana yake alikufa miezi ine nyuma ya ile kofi. Muhindo hakuonekana ku kilio.

— Kisha mwaka jana shimo moya ikaporomoka kule Manguredjipa. Batu bakakuya kutuambia: Muhindo wa Beni alikuwa ndani. Muhindo wa Beni! Beni iko na ba-Muhindo ngapi? Mais shemeji yangu Ézéchias amechoka kungoja. Siku ya posho hii, ile ya sita ya juma, batakaa kilio bila maiti. Batasoma jina yake, batafunga. Madame, mwenye bamefunga hivyo, hata akirudia, anarudia kama kivuli. Nisaidie mbele ya posho.

Nikapiga numero ya Onésime. Haikupita. Nikatuma message, «Uko?»: alama moya tu, ya majivu. Simu yake ilikuwa imezima, na siku ya Mungu ilikuwa mbali.

— Onésime alianza kukuandikia wakati gani?

— Mwezi wa tatu ya mwaka uliopita.

— Shimo iliporomoka mwezi wa kwanza. Donc ao Onésime ni yeye, ao ni rafiki mwenye alibaki. Madame, épisode yenye inakuya inasema nini?

Hapa njo nilitaka udongo ipasuke inimeze. Épisode ya makumi mbili ilikuwa tayari. Ilikuwa nzuri kupita zote; niliisomea Bénite mara mbili na mara zote mbili alilia. Nilikuwa nimeahidi groupe batayarishe mouchoir.

— Anakufa, mama. Ndani ya shimo.

Hakulia. Akaniangalia vile mutu anaangalia muganga mwenye anachelewa kusema.

— Ile lifu, ni yako ao ni yake?

— Namna gani?

— Ulitunga wewe, ao Onésime njo alikuandikia?

Na miye, mwandikaji, sikujua. Naapa mbele ya Mungu, sikujua! Nikafungua simu: message za kale nilizifuta, juu simu ilikuwa imejaa, mutu mwenye basomaji mia ine na kumi anafanya nini? Nikafungua cahier yangu ya kuandikia. Niko na mupango yangu: yenye basomaji bananiambia naandika na bic nyekundu, yenye natunga naandika na bic ya bleu. Nikasema, asante Yesu, sasa tutajua. Nikafunua mupaka ile ukurasa. «Muhindo anakufa ndani ya shimo, mvua inanyesha, anapiga muluzi.» Bleu. Nikataka kuruka kwa furaha. Kisha nikafunua nyuma, na mbele. Bugali, bleu. Muguu juu ya ukuta, bleu. Kofi, bleu. Bic nyekundu iliisha mwezi wa ine na sikununua ingine.

Nilijitukana na Kifaransa, na Kiswahili, na Kinande. Nilikaa pale na cahier juu ya magoti, natafuta ndani ya kichwa: ile muluzi ni ya nani? Ile mvua? Kila kitu nilishika ilikuwa na harufu yangu. Mwaka mzima nilikuwa najisifu kama huwezi kuona fasi nimeshona. Sasa hata miye sikuiona.

— Nitamuandikia Onésime mara moya, nikasema. Nimuambie mama ya Muhindo iko hapa, anakutafuta.

— Hapana. Kama ni yeye, atakimbia tena, atabadilisha numero. Mutoto yangu hakukosa njia ya kurudia. Aliuliza kitu, tukamupiga. Tumujibu kwanza.

— Tumujibu na nini?

— Na ile yenye anasomaka.

Basi tukakaa siku mbili pale, yeye na miye, tunaandika. Mukono yangu, kinywa yake. Nilikuwa nikiweka neno ya kupendeza, ananiambia toa. Nilikuwa nikiweka mwezi juu ya kilima, ananiambia siku ile mwezi haikukuwa. Tuligombana juu ya viazi: mimi nilitaka maua, yeye akasema ni viazi, na viazi ilibaki. Kufika ku majina ya basichana nikamuuliza: tuandike nani? Akakataa.

— Majina ni ya mutoto yangu. Haiko ya groupe.

Siku ya tano, saa kumi na mbili, nilituma. Muhindo hakukufa. Ndani ya épisode ile mama yake anakaa chini, anasema yote: basichana babili, surua, shamba ya Kipese, na sababu ya kofi. Chini yake niliandika: «Kitabu ya juma: haiko. Wenye bako na mama, mumuulize kitu.»

Bénite alingojea batu bakasirike. Hakuna mwenye alicheka. Providence, mwenye hakosake dakika ine, alituma sekunde kumi: «Madame, nimefunga duka. Nafika kwa mama.»

Siku ya posho nilishuka Beni pamoja na Mama Berthe. Bâche, ile turubai ya kilio, ilikuwa imeshafungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki vimepangwa, bamama bamekaa chini juu ya mikeka. Ézéchias, shemeji yake, mutu murefu wa sauti ya upole, akatupokea ku mulango.

— Mama Muhindo, kaa chini pamoja na benzako.

— Nitakaa ku kiti.

— Mwenye kufiwa hakai ku kiti.

— Njo sababu nakaa ku kiti.

Akakaa. Bamama bakaanza kunong'ona. Ézéchias akanigeukia na akaniuliza mimi ni nani, na vile nilimuelezea, hadithi, groupe, alama ya majivu, niliona mwenyewe vile ilikuwa inasikilika. Niliona haya mupaka masikio.

— Madame, akasema, unamushikisha huyu mama uzi ya buibui. Tutangoja kesho, nyuma ya kanisa, juu ni wewe na uko mugeni. Kisha tutasoma jina.

Nililala kidogo sana. Nilikuwa nafikiri: kama lifu ilitoka kwa Onésime, mimi nimemukalisha mama ya batu ku kiti mbele ya mutaa muzima, na kesho atashuka pale chini mbele ya macho yao. Nani atamushusha? Mimi. Mimi na bic yangu.

Siku ya Mungu, batu balitoka kanisani na nguo zao nzuri, bakaingia chini ya bâche. Saa saba ikapita. Ézéchias alikuwa ameshasimama na karatasi mukononi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Berthe, simu juu ya magoti yangu, na niliona alama ya majivu ikakuwa mbili. Kisha zikageuka bleu.

— Amesoma, nikasema, na sauti yangu ikatoka kubwa kupita vile nilitaka.

Batu boote bakanigeukia. Ézéchias akashusha karatasi. Message ikaingia, nikaisoma vile ilivyo, juu singeweza kuificha:

«Madame Agar, mbona haukumuua? Tulipatana afe.»

Ilikuwa yake, basi. Lifu ilikuwa yake, haikukuwa yangu. Mama moya ku mukeka akaanza kulia. Ézéchias akasema polepole: «Unasikia, Mama Muhindo. Rafiki yake mwenyewe anasema.» Mama Berthe alishika mikono ya kiti, nikaona anaanza kuteleza kuelekea mukeka. Alikuwa anashuka. Nikamushika kiuno. Sikujua namushikia nini.

Simu ikalia tena.

«Na ile ya basichana babili ulitoa wapi? Mimi sikukuandikia vile.»

Nikaisoma. Hakuna mwenye alielewa, hata mimi. Kule juu ya simu iliandikwa kama anaandika, kisha anaacha, kisha anaandika. Nilimutukana ndani ya roho: andika basi, wewe mutu, andika! Mama Berthe alikuwa nusu ku kiti, nusu hewani.

Ya tatu ilikuwa fupi.

«Donc mimi niko wa tatu?»

Niliisoma mara moya kwa sauti. Mama Berthe akaninyang'anya simu. Hakujua kusukuma kidude ya audio. Nikamushikia kidole yake pale. Akasema mbele ya bamama, mbele ya Ézéchias, mbele ya mutaa muzima, yale yenye mukwe yake alikataza miaka makumi mbili na tano:

— Uko wa tatu. Wa kwanza ni Rébecca. Wa pili ni Hadassa. Baba yako alikupiga juu aliogopa, na mimi nilinyamaza juu niliogopa. Sasa siogope tena. Kuya, nitakuonyesha fasi bamelala.

Kidole ikatoka, audio ikaenda. Ézéchias alikunja karatasi mara mbili, akaiweka ndani ya mufuko, akasimama pale hajui aende wapi. Ndugu mudogo wa Muhindo alianza kufungua kamba za bâche, mwingine akamuambia ngoja, mwingine akasema hapana, fungua. Bamama bengine bakaendelea kulia, na sikujua tena balikuwa banalilia nani.

Tulingoja. Audio ikaonyesha kama imesikilizwa. Na mara ya pili. Kisha akaandika, haikukuwa kwa mama yake, ilikuwa kwangu mimi, ule mupumbavu!

«Madame, ile kitabu yako bado niko nayo. Naileta.»

Nikapanguza macho na kitenge ya Mama Berthe, nikamujibu: «Hapana tuma na pikipiki. Ilete na mikono yako.»